Mgongo wa Ljubinka

Habari ilimfikia Ljubinka akiwa na rangi ya nywele kwenye glavu, na mbele yake kichwa cha Bibi Persida, nusu chekundu, nusu bado mvi.

"Basi mmepata mpiga gitaa mpya," alisema Persida. Alikuwa ameinyoosha simu mbali na macho, kama wafanyavyo watu wanaokataa kuvaa miwani. "Tena msichana. Huyu si yule binti wa jirani yako wa chini?"

"Binti yupi?"

"Tijana. Si ndiye huyu?"

Ljubinka alivua glavu moja, akaichukua ile simu. Picha haikuwa na huruma. Ratko mwimbaji, na nywele ambazo Ljubinka mwenyewe alimkata, amesimama kulia. Mpiga ngoma na mpiga besi kushoto. Na katikati, mahali ambapo tangu dunia iumbwe alisimama Miša na gitaa lake, amesimama Tijana, anacheka meno yote nje. Chini waliandika: Suva Skela inamkaribisha Tijana. Miša, asante kwa kila kitu.

Kila kitu. Maisha ya mtu yametiwa katika maneno mawili, kama nguo za marehemu katika mfuko.

"Ljubo!" alipiga kelele Persida. "Kichwa changu kinawaka moto!"

Suva Skela, yaani Kivuko Kikavu, ni bendi ya roki ya mji wa Zrenjanin, na kama hujawahi kuisikia basi hujawahi kulewa mkoani Banat. Viwanda vilifungwa, nchi ilibadilisha jina mara nyingi kuliko mwanamke anayeolewa ovyo, fedha ziliongezewa masufuri na kunyang'anywa tena. Suva Skela ilibaki, watu walewale wanne, nyimbo zilezile. Mashabiki wao hujiita Wavushaji. Ljubinka alikuwa Mvushaji tangu alipokuwa anajifunza kushika mkasi. Mahali pake palikuwa kwenye uzio unaotenga watu na jukwaa, mbele ya Miša. Mtu akipakuta patupu hakuthubutu kusimama hapo. Alipapita kando, kama wapitavyo watu kando ya kaburi bichi. Na kabla ya kila onyesho ni yeye aliyewakata wote nywele. Alijua upara wa Ratko ulipoanzia kabla mke wa Ratko hajajua.

Na Tijana? Tijana alimleta yeye. Alimshika mkono kabla hajaota matiti, akampenyeza mpaka uzioni kwa viwiko, akamziba masikio kwa pamba, akamwambia, "Wewe tazama vidole vya yule mwembamba, mengine achana nayo." Mtoto akatazama. Akatazama sana, akaenda Novi Sad kusomea muziki, akarudi akawa anafundisha watoto gitaa, na kila onyesho alikuwa pale, chini ya kwapa la Ljubinka.

Wangemleta mtu kutoka Belgrade, mwenye ndevu na majivuno, Ljubinka angenung'unika mwezi mmoja kisha angezoea. Lakini mtu wa uzioni! Mtu aliyesimama nyuma ya kiwiko chake! Kumbe uzio ulikuwa unavukika, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia. Si kwamba alijua kupiga gitaa. Hakujua hata kulishika. Lakini wivu haukuulizi cheti.

Alasiri ile ile Tijana alikuja saluni na keki ndani ya sanduku.

"Shangazi Ljubo."

"Tumefunga."

"Mlango uko wazi."

"Basi ufunge ukiwa nje."

Tijana aliingia, akaweka keki juu ya meza ya magazeti. "Nilitaka nikwambie mwenyewe. Ratko ametangaza mapema. Nimekupigia simu tangu asubuhi."

"Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Mimi habari zangu siku hizi naletewa na wateja. Persida ndiye aliyeniambia, na rangi masikioni."

"Hufurahi hata kidogo?"

Ljubinka alichukua ufagio, akafagia sakafu iliyokwisha fagiwa. "Nifurahie nini? Mtu anang'olewa kama jino bovu, nami nicheke?"

"Hakung'olewa. Vidole vyake haviwezi tena, shangazi. Asubuhi hawezi hata kufunga vifungo."

"Vidole vya Miša nilivijua wewe hujazaliwa."

"Najua," alisema Tijana taratibu. "Mwezi ujao, Nyumba ya Utamaduni. Utakuwepo uzioni?"

"Mimi niko uzioni. Wewe ndiye uliyeondoka."

Binti alitoka. Keki Ljubinka aliigawa kwa wateja siku iliyofuata, mpaka kipande cha mwisho, na yeye mwenyewe hakuramba hata kidole.

Wavushaji walikutana Ijumaa kwenye baa ya Kambare Wawili, karibu na mto Begej. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha chinjana kwenye kundi la simu. Mmoja alimwita Ratko msaliti. Mwingine aliandika kwamba mwanamke na gitaa la umeme ni kama ng'ombe na baiskeli. Wa tatu aliomba namba ya simu ya Tijana. Ljubinka aliwasoma wote akaona aibu. Wale wajinga wa ng'ombe na baiskeli hakuwa upande wao. Lakini alipotazama vizuri, alikuwa upande wao.

"Nasema hivi," alianza, akisimama na glasi ya rakija, ile pombe kali ya matunda, mkononi. "Hatupigi kelele, hatutupi chupa. Sisi si wahuni. Ikifika 'Barafu ya Machi', ikifika pale katikati ambapo Miša hupiga peke yake, tunageuka. Wote. Tunawapa mgongo mpaka amalize. Kisha tunageuka tena na kuimba kama kawaida."

Kisha Boško, dereva wa basi la shule, mwenye masharubu yaliyokuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya waliokuwepo, akakohoa.

"Yaani mimi nimenunua tiketi nikatazame mlango wa choo?"

Watu walicheka.

"Cheka, cheka," alisema Ljubinka. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Acha afungwe kamba tuone anavyoruka."

"Mgeni gani, Ljubo? Huyo amekulia kwapani mwako. Na Miša mwenyewe ndiye aliyemchagua. Nimempigia kule mjini Graz, kwa binti yake. Amesema, 'Boško, yule msichana anasikia ninachofikiri.'"

"Miša ni mpole. Ukimkanyaga yeye ndiye atakayeomba radhi."

"Sema kweli ya Mungu, bibie. Angekuwa mwanamume wa Belgrade, ungepandisha sauti hivi?"

"Ningepandisha zaidi."

"Uongo huo. Wewe umekaa kama mke mkubwa aliyeletewa mdogo."

Safari hii walicheka mpaka mwenye baa alitoka nyuma kuangalia. Ljubinka akanywa glasi yote kwa mara moja, akaigonga mezani. "Nani anageuka?" akauliza. Mikono ikapanda, mmoja mmoja. Wa Boško ulipanda mwisho, nusu tu, kama wa mwanafunzi asiyejua jibu.

Maneno ya baa hayana mlango. Siku ya onyesho, Ratko alipokuja saluni kukatwa nywele, alikuwa amekwisha yasikia. Alikaa kimya mpaka Ljubinka alipomfikia shingoni na wembe.

"Kata nywele, dada. Koo liache."

"Kwani una kosa gani hata uogope?"

"Ljubo, nasikia mnapanga upuuzi. Usinifanyie hivyo. Mtoto yule hajalala siku nne."

"Mngeniuliza."

"Tukuulize nini?"

"Mngeniuliza tu. Mngesema, Ljubo, Miša hawezi tena, unaonaje."

"Na wewe ni nani, meneja?"

Wembe ulisimama. Kwenye kioo Ratko aliona uso wa Ljubinka, naye Ljubinka akaona wa Ratko, na wote wawili wakaona kwamba neno limekwisha toka.

"Sikumaanisha hivyo," alisema Ratko.

"Kaa sawa, nisikukate."

Alimaliza kazi yake vizuri kuliko siku zote. Alimpangusa shingo, akamvua shuka. Lakini lile neno alilikunja akaliweka moyoni, na tangu saa ile akaanza kungoja Ratko arudi kulichukua.

Usiku wa onyesho, Nyumba ya Utamaduni ilijaa mpaka vioo vikatoa jasho. Ljubinka alikuwa mahali pake. Tijana alitoka na shati jeusi, akasimama alipokuwa akisimama Miša, hatua chache tu kutoka uzioni. Alimwona Ljubinka, akainamisha kichwa kumsalimu. Ljubinka akatazama kamba za viatu vyake mwenyewe.

Nyimbo za mwanzo zilipita. Watu waliimba, ingawa kwa kujizuia, kama wanaokula nyumbani kwa mtu waliyegombana naye. Kisha ngoma ikaingia polepole, ile ya "Barafu ya Machi". Ratko akaimba beti mbili. Akarudi nyuma.

Ljubinka akageuka.

Kulia kwake akageuka Boško, kushoto wakageuka wengine, na safu mbili nzima za mbele zikalipa jukwaa mgongo. Ukumbi ukapiga mluzi. Wengine walizomea, wengine walishangilia. Gitaa likaanza.

Katika maisha yake yote Ljubinka hakuwahi kuutazama ukumbi. Alikuwa anaujua kwa mgongo tu, kwa jinsi ulivyomsukuma. Sasa nyuso zote zilikuwa mbele yake, mamia, zimemulikwa na taa za jukwaani, na zote zilikuwa zinatazama juu ya kichwa chake. Alisikia gitaa likipanda pale Miša alipokuwa akipanda. Alingoja lijikwae. Badala ya kujikwaa likasimama, likang'ang'ania sauti moja nyembamba, halikuiachia, halikuiachia, na Ljubinka akaona mwanamume mmoja mnene wa safu ya katikati, mtu asiyemjua, anafumba macho na mdomo wake unafunguka kama wa mtoto. Kisha mwanamke aliye karibu naye. Kisha wengi. Ilikuwa kama kuona upepo kwenye shamba la ngano bila kuuona upepo wenyewe.

Hivi ndivyo wanavyotuona wao, aliwaza. Kila siku. Hivi ndivyo anavyotuona Tijana sasa hivi.

Na hapo wivu ukampanda kweli, si ule wa saluni wala wa baa. Alitaka sauti ile ikatike. Alitaka waya ukatike, taa zizimike, kitu chochote. Sauti haikukatika.

Boško ndiye aliyegeuka kwanza kurudi. "Samahani, Ljubo," alimwambia sikioni, "mimi nina macho mawili tu." Kisha mwingine. Kisha safu yote, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kwenye mazishi ya mtu waliyemjua kidogo. Gitaa lilipomaliza na ukumbi ukalipuka, aliyekuwa bado amelipa jukwaa mgongo alikuwa mtu mmoja tu. Ratko alimwona. Tijana alimwona. Ljubinka hakugeuka tena. Alitembea moja kwa moja mbele, katikati ya watu waliokuwa wanapiga makofi, mpaka nje.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kungoja. Ratko atapiga simu, alijisemea. Atasema, Ljubo, lile neno lilinitoka, njoo tunywe kahawa. Naye angekawia kidogo kujibu, ili aumie, kisha angekwenda. Novemba ikaisha. Simu ililia mara nyingi, ikawa ni wateja.

Na tarehe kumi na tisa Desemba ikakaribia, siku ya Mtakatifu Nikola, ambayo ni slava ya nyumba ya Ratko.

Sasa slava ina sheria yake. Ni sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, baba humrithisha mwana, na mwenye nyumba haaliki watu kama kwenye harusi. Anakuita mara moja, mwaka wa kwanza. Baada ya hapo miguu yako ndiyo mwaliko. Akikupigia simu kukukumbusha ni kama amekutukana. Na asiyetokea, bila maiti nyumbani kwake wala ugonjwa, amesema neno lake, wala hataulizwa. Ljubinka aliijua sheria hii kama Baba Yetu. Ratko alimwita zamani, walipokuwa wote bado na viuno, na tangu mwaka ule hakukosa. Aliingia kwa mlango wa uani, akafunga aproni, akabeba sinia la ngano iliyochemshwa kuwakaribisha wageni. Alikuwa na kiti chake, kati ya jiko la vigae na mlango wa jikoni, ili Mileva, mke wa Ratko, akiita, yeye awe wa kwanza kuinuka. Watu wengine wana ubingwa, wana vyeti ukutani. Ljubinka alikuwa na kile kiti. Uzio ulikuwa wa umma. Kiti kilikuwa chake.

Lakini wivu una hesabu zake. Mwaka huu ni tofauti, ulimwambia. Mwaka huu amekuumiza, kwa hiyo lazima akuite. Akikuita utajua bado wewe ni mtu. Asipokuita, utajua pia.

Asubuhi ya slava Boško alipiga honi chini ya dirisha, amevaa tai, na chupa ya mvinyo chini ya kwapa.

"Shuka, bibie! Samaki wanapoa!"

"Sijaitwa."

"Umesemaje?"

"Sijaitwa, Boško."

Boško alitazama huku na huku, kama anayetafuta shahidi. "Uliitwa tangu enzi za Tito, mama! Nani huitwa slava mara mbili? Mimi nimeitwa? Padri ameitwa?"

"Wewe hukuambiwa nilichoambiwa mimi."

"Uliambiwa nini?"

Ljubinka alifikiri. Na wewe ni nani, meneja? Ukilisema kwa sauti dirishani, lilikuwa neno dogo mno. "Nenda," alisema. "Salimia."

Alifunga dirisha. Mezani kulikuwa na strudeli aliyoioka alfajiri, mkate mtamu wa kukunjwa wenye mbegu za mpopi, wa mafuta, bila siagi wala mayai, kwa sababu Mtakatifu Nikola huangukia ndani ya mfungo. Alikaa nayo siku nzima, kama wanawake wawili, mmoja amefunikwa kitambaa, mwingine ameketi karibu na simu. Chini alisikia mlango wa akina Tijana ukifungwa, na viatu vya kisigino vikienda zao.

Kesho yake Boško alipita saluni. Hakukaa. Alishika kofia.

"Basi, ilikuwaje?" aliuliza Ljubinka, kama anayeuliza hali ya hewa.

"Ilikuwa slava. Tulikula, tuliimba. Tijana alikuwepo. Ratko alimwita, si unajua, mwaka wa kwanza."

"Alimwita."

"Sheria, Ljubo. Mpya huitwa."

"Alikaa wapi?"

Boško aliitazama kofia yake ndani, kana kwamba jibu limeandikwa humo. "Kiti kilikuwa kitupu," alisema. "Mileva alihitaji mtu wa karibu."

Watu watakuambia Ljubinka alijirudi, kwamba moyo ulimlainika, kwamba Mtakatifu Nikola alimgusa bega. Hapana. Ni wivu ulimweka nyumbani siku ya kwanza, na ni wivu huohuo uliomvalisha koti siku ya pili. Slava ya Ratko huendelea siku mbili. Ya pili ni ya majirani, ya wagonjwa waliopona, ya makombo. Aliwaambia wateja wawili waliokuwa wanangoja warudi Jumatatu. Alifunga saluni mchana, akapita kwake kuchukua strudeli, akaenda.

Mbele ya nyumba alisimama. Mlango wa uani ulikuwa wazi kama kawaida. Miguu ikakataa. Akaenda mlango wa mbele, akabonyeza kengele.

Ratko alifungua. Alikuwa na shati jeupe na macho ya mtu aliyeimba sana.

"Heri ya slava, mwenye nyumba," alisema Ljubinka.

"Asante. Karibu ndani."

Walibusiana mara tatu mashavuni. Hakumuuliza alikuwa wapi jana. Angemuuliza, angempigia kelele, Ljubinka angejua pa kushika. Ratko alimpokea koti, akalitundika pamoja na makoti mengine.

Sebuleni walikuwa majirani wachache na mpiga besi aliyesinzia. Kutoka jikoni akatoka Tijana, amefunga aproni, amebeba sinia: bakuli la ngano, vijiko, glasi ya maji. Akasimama mbele ya Ljubinka.

"Karibu, shangazi."

"Siku hizi mimi ni mgeni?"

"Umepiga kengele," alisema Tijana. "Umeingia kwa mlango wa wageni."

Lilikuwa kofi, na lilikuwa kweli. Ljubinka alifanya ishara ya msalaba, akachota kijiko cha ngano. Ilikuwa imesagwa vizuri, karanga za walnati za kutosha, sukari kidogo. Yeye angeongeza kungumanga. Alimeza, akatia kijiko kwenye glasi ya maji, kama mgeni yeyote.

Mileva alitoka akijifuta mikono, akaipokea strudeli. Aliibonyeza kwa kidole. "Hii ni ya jana," alisema.

"Ni ya jana."

Mileva akatikisa kichwa, akaenda nayo jikoni. Mwanamke yule alielewa kila kitu ambacho mkate unaweza kusema.

Ljubinka alipewa nafasi mwisho wa meza, karibu na makoti. Na Tijana, alipokwisha kuzungusha sinia, akaenda akaketi kati ya jiko la vigae na mlango wa jikoni. Hakuketi kwa kiburi. Aliketi kama mtu aliyechoka, akavua kiatu kimoja chini ya meza. Hilo ndilo lililouma zaidi, kile kiatu.

Walizungumza habari za samaki, za barabara ya Kikinda, za meno ya mpiga besi. Kisha Tijana akasema, mbele ya wote, bila kuinua sauti:

"Ulinipa mgongo. Wengine waligeuka wakarudi. Nikatazama chini, nikaona mgongo wako tu, na lile koti la kahawia. Nimekuwa nikiliota."

Mpiga besi akaamka. Ratko akashika chupa bila kumimina.

"Nilikupa," alisema Ljubinka.

"Kwa sababu ya Miša?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Angesema ndiyo, kwa sababu ya Miša, kwa heshima ya mzee, na wote wangeukubali uongo huo na kunywa. Aliutazama ule mlango. Alikuwa amechoka kusimama mbele ya milango.

"Miša ananitumia picha za wajukuu," alisema. "Miša hana shida. Ni wivu, Tijana. Ulikuwa hapa chini yangu, halafu ukawa kule. Basi. Sina sababu nyingine, nimetafuta."

Jirani mmoja alitafuna polepole, akiogopa kutoa mlio.

"Na hukusikia chochote?" aliuliza Tijana. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mpiga gitaa. "Nimewauliza wote hawa. Wananiambia vizuri, vizuri, kama kwa mtoto. Wewe ulisimama mbele yake miaka yote. Ilikuwaje?"

"Nilisikia yote. Masikio hayageuki." Ljubinka alisukuma sahani kando. "Mwisho uliharakisha. Uliogopa, ukakimbilia ngoma. Miša hungoja ngoma imfuate."

"Najua," alisema Tijana. "Na kabla ya mwisho?"

Ljubinka alijua jibu tangu usiku ule. Alikuwa nalo chini ya ulimi wiki zote hizi, kama mfupa wa samaki. Kulimeza hakuweza, na kulitoa kulikuwa kukwaruza koo lote.

"Ile sauti moja uliyoishika," alisema. "Miša hakuwahi kuishika hivyo. Hata alipokuwa kijana. Hata usiku ule wa onyesho la Subotica."

Tijana aliinama. Akavaa tena kiatu chake, taratibu, kana kwamba kazi hiyo ilihitaji akili yote.

"Sema tena," aliomba.

"Sisemi tena hata unichome na mshumaa."

Ratko akacheka ghafla, kicheko cha mtu aliyekuwa ameshika pumzi, akamimina rakija, akamsogezea Ljubinka glasi. "Lile neno la saluni," alianza.

"Liache," alisema Ljubinka. "Lilikuwa kweli. Mimi si meneja."

"Hapana. Lakini mimi ni mjinga."

"Hilo nalo ni kweli."

Walikunywa. Nje theluji ilikuwa imeanza, ya maji maji, isiyoshika.

"Mmoja wenu aje anishikie hii sufuria!" aliita Mileva kutoka jikoni.

Waliinuka wawili. Ljubinka alikuwa amekwisha piga hatua mbili, mikono mbele, aliposhtuka kwamba yuko upande wa makoti na meza nzima iko katikati. Tijana alikuwa amekwisha fika. Kiti kile kiliwekwa pale kwa kazi hiyo hasa.

Ljubinka akabaki amesimama, na watu wakimtazama kwa pembe za macho. Kile kiti kilikuwa kitupu. Akakipima. Kisha akarudi, akaketi pale alipokuwa, karibu na makoti.

"Mpini wa kushoto umelegea!" alipaza sauti. "Shika kwa kitambaa, usiamini ule wa kushoto!"

"Najua, shangazi!" alijibu Tijana kutoka jikoni.

Alijua. Hilo nalo lilimuuma Ljubinka, mahali palepale. Akavuta sahani ya samaki, akachagua kipande cha mkia, akaanza kukichambua miiba.